Doti Moja, Mikono Minane

Kabla ya yadi na mita kushika madukani, kitambaa katika Afrika ya Mashariki kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti, na aliyejifunga doti nzima alihesabiwa kuwa amevaa. Katikati ya karne ya 19, kitambaa kilichopimwa hivyo mara nyingi kuliko vingine vyote, kutoka maduka ya Zanzibar hadi Unyanyembe na Ujiji, kilikuwa merikani: pamba nzito, ya kufumwa sawasawa, isiyopaushwa, rangi yake ikikaribia ya ukili mkavu. Ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa kwa merikani, unga wa njiani ulinunuliwa kwa merikani, na msafara uliotaka kupita Ugogo ulitoa hongo kwa merikani. (Hongo siku hizo ilikuwa ushuru wa wazi uliojadiliwa mchana kweupe, neno limeshuka hadhi tangu hapo.) Jina lenyewe lilisema bidhaa inakotoka. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ulitiwa saini Muscat mwaka 1833, konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Zanzibar mwaka 1837, na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinashusha majora ya kitambaa hicho na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu.

Tunapozungumzia utumikishwaji wa watoto na manunuzi ya kila siku, picha inayotujia ina pande mbili zisizobadilishana nafasi: mnunuzi yuko Ulaya au Marekani, mtoto yuko Afrika au Asia. Kakao ya Afrika Magharibi, mazulia ya Pakistan, kobalti ya Kolwezi huko Kongo, zote husimuliwa hivyo, na si kwa uongo. Merikani inaigeuza picha hiyo. Hapa mnunuzi ni Mnyamwezi, Mgogo, Mzaramo au Mswahili wa pwani, na mtoto ni wa Marekani. Sitaki kulipiza kisasi kwa historia. Faida ya kisa hiki ni kwamba mnunuzi akiwa mtu wa kwetu, mwenye macho makali ya kuchagua bidhaa na asiye na kinyongo chochote na mtoto wa mtu, tunaweza kuuliza swali moja bila kulichanganya na hatia ya nani alimtawala nani: mnunuzi ana uwezo gani hasa juu ya mikono iliyotengeneza alichonunua? Jibu langu ni kwamba ana uwezo mkubwa mno juu ya kila kinachoonekana kwenye kitambaa, na karibu hana kabisa juu ya kisichoonekana, mpaka apatikane mtu mwenye mamlaka ya kuingia kiwandani akatazame kwa niaba yake.

Tuanze na mikono yenyewe. Kiwanda cha kwanza cha Marekani kilichofanikiwa kusokota pamba kwa nguvu ya maji kilianza kazi Pawtucket, Rhode Island, mnamo Desemba 1790, chini ya Samuel Slater, fundi aliyehama kutoka Uingereza akiwa na siri za mashine kichwani. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto 9, wenye umri kati ya miaka 7 na 12. Wenye mashine walijua walichokuwa wakikifanya: kazi ya kusokota haikuhitaji tena misuli, ilihitaji vidole vidogo na mwili unaopita kwenye nafasi finyu. Viwanda vikubwa vya Massachusetts vilivyofuata, vile vya Lowell vikiwa mashuhuri kuliko vyote, viliajiri zaidi wasichana waliokwisha kukua, lakini chini ya wasichana hao kulikuwa na tabaka jingine la wadogo zao. Harriet Hanson Robinson, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake, aliingia kiwandani Lowell akiwa na miaka 10. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake akiendesha nyumba ya kulaza wafanyakazi. Kazi ya Harriet ilikuwa kuondoa kwenye mashine bobini zilizojaa uzi na kupachika tupu. Kwa hesabu yake mwenyewe, kazi hiyo ilichukua kama robo saa tu katika kila saa, na muda uliobaki watoto walicheza au kusoma. Lakini walitakiwa wawepo kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 jioni, wakipewa nusu saa ya kifungua kinywa na nusu saa ya chakula cha mchana, kwa dola 2 kwa wiki. Alipoukumbuka utoto wake, hakulalamikia bobini. Alilalamikia zile saa.

Sidai kwamba uzi wa chumba cha Harriet ndio uliofika Tabora. Hakuna jora linaloweza kusomwa hivyo. Ninachodai ni kwamba utaratibu ulikuwa mmoja. Salem yenyewe ilijenga kiwanda chake kikubwa cha mvuke, Naumkeag, kilichoanza kazi miaka ya 1840 na ambacho kitambaa chake kilisafirishwa kwa wingi hadi Zanzibar. Na nyuma ya viwanda hivyo vyote kulikuwa na shamba. Pamba ya Massachusetts haikuota Massachusetts. Ilitoka majimbo ya kusini, ambako mtoto wa mtumwa alianza na kuchota maji na kung'oa magugu, kisha akaingizwa kwenye safu ya wachumaji akiwa hajabaleghe. Mabwana shamba walikuwa na lugha yao ya vitabuni kwa jambo hili: mtu mzima mwenye afya alikuwa mkono mmoja, na mtoto akaandikwa robo mkono, kisha nusu mkono, kadiri alivyokua. Kwa hiyo doti ya mikono minane iliyouzwa dukani Zanzibar ilikuwa na mikono mingine ndani yake, nayo ilikuwa imehesabiwa kwa sehemu.

Mnunuzi wa merikani hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na hapa ndipo hoja inaposimama. Waingereza walipoona biashara ya Wamarekani inanoga, wenye viwanda vya Manchester waliiga merikani na kuiuza kwa bei nafuu. Ilishindikana kwa miaka mingi. Watu wa bara waliikataa. Kitambaa cha Manchester kilijazwa wanga na udongo mweupe ili kionekane kizito. Ukikifua mara moja, uzito unaondoka na maji, unabaki na wavu. Wanunuzi wa bara walilijua hilo kwa vidole. Walikisugua, walikivuta, walikitazama dhidi ya mwanga, wakasema hii si merikani. Wafanyabiashara wa pwani walijifunza kwa hasara kwamba msafara uliobeba kitambaa kisichopendwa mwaka huo unaweza kufika Ugogo na mizigo mia na bado ukalala njaa. Leo wanahistoria wanaojali mambo haya wanakubali kwamba mapendeleo ya mnunuzi wa ndani ya Afrika yalipanga kazi za viwanda vya mbali, yakachagua upana wa kitambaa na uzito wake, hata rangi ya mstari wa pindo. Msafara uliotii ulifanikiwa, na uliobisha ulirudi na mali yake.

Sasa tazama kikomo cha uwezo huo. Mtu aliyeweza kuvishinda viwanda vya Manchester kwa kidole gumba na cha shahada hakuwa na njia yoyote ya kumhisi Harriet. Kitambaa alichokitengeneza mtoto na kilichotengenezwa na mtu mzima vinasuguliwa sawa, vinavutwa sawa, vinafuliwa sawa. Zaidi ya hayo, kazi ya mtoto ilijitokeza kwenye kitambaa kama sifa njema tu, yaani bei. Ndiyo maana naona ni kosa kuandika historia hii kama historia ya mioyo migumu. Wanunuzi wa Connecticut walionunua piano zenye vibao vya pembe za ndovu walikuwa katika hali ileile kwa upande wa pili: kibao cheupe hakisemi ni nani aliyebeba pembe kutoka Manyema. Mpishi aliyetia punje 3 za karafuu kwenye chungu chake hakuwa na njia ya kujua kwamba makonyo yake yalichambuliwa usiku kwenye jamvi na mikono ya watumwa, wadogo kwa wakubwa. Biashara ya masafa marefu ilikuwa na sifa hii tangu mwanzo: inapitisha bidhaa na kuacha habari zake forodhani.

Kuna pingamizi la haraka ambalo msomaji wa kwetu atalileta kabla ya wengine: watoto wamefanya kazi siku zote. Mtoto wa Kinyamwezi aliamia ndege shambani, wa Kigogo alichunga, wa pwani alifuata baba yake baharini akajifunza kupindua tanga. Ni kweli, na asiyekubali hilo haelewi malezi. Lakini ushahidi wa Harriet unatupa kipimo cha kutenganisha. Kazi ya robo saa haikumuumiza. Kilichomla ni kwamba saa 14 za siku yake zilikuwa mali ya mashine hata pale mashine isipomhitaji. Mtoto anayeamia ndege anafanya kazi ambayo kesho itakuwa yake, chini ya jicho la mtu anayehesabu umri wake, na mtama ukishavunwa amemaliza. Mashine ya maji haina msimu. Tena haijali kama aliye mbele yake ana miaka 10 au 30, isipokuwa kwenye daftari la mishahara. Pingamizi la pili ni zito zaidi: zile dola 2 zililiwa nyumbani kwa mjane. Zililiwa kweli. Nami sina jibu la kulifuta hilo, nina angalizo tu kwamba mwaka 1836, wafanyakazi wa Lowell walipogoma kwa sababu ya mapato yao kupunguzwa, Harriet akiwa na miaka 11 alitangulia kutoka na chumba chake kizima kikamfuata. Waliohitaji mshahara kuliko wote ndio hao waliotoka.

Ni nini basi kilichobadilisha hali ya watoto hawa? Si mnunuzi wa Zanzibar, wala wa Boston. Massachusetts ilitunga sheria mwaka 1836 kwamba mtoto wa kiwandani aliye chini ya miaka 15 lazima asome miezi 3 kwa mwaka, na mwaka 1842 kwamba aliye chini ya miaka 12 asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Sheria hizo zilikuwa dhaifu, maana hakukuwa na wa kuzisimamia. Uingereza ilikuwa imetangulia kwa jambo moja dogo lililozaa makubwa: sheria ya viwanda ya 1833, pamoja na kukataza kuajiri watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, iliteua wakaguzi 4 wa serikali. Wanne kwa nchi nzima ni kichekesho. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu asiye mwenye kiwanda wala mfanyakazi aliyekuwa na haki ya kufungua mlango, kuhesabu vichwa na kuandika ripoti iliyochapishwa. Alikuwa jicho ambalo mnunuzi hakuwa nalo.

Merikani ya kweli iliondoka sokoni kwa sababu isiyohusiana kabisa na watoto. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya kusini, bei ikapanda, na majora yakaadimika Zanzibar. Pengo lilijazwa na Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kusokota pamba kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1854. Wahindi walifanya kile Manchester ilichoshindwa: walitengeneza merikani iliyopita mtihani wa vidole, na kufikia miaka ya 1880 jina la Marekani lilikuwa likivaliwa na kitambaa cha India. Mnunuzi wa bara aliridhika, kwa vigezo vyake. Na watoto? Walihama pamoja na mashine. Sheria ya viwanda ya India ya 1881 iliweka umri wa chini kuwa miaka 7, na wenye miaka 7 hadi 12 wakaruhusiwa kufanya kazi saa 9 kwa siku, jambo linalokuonyesha hali ilikuwaje kabla yake. Mwaka 1891 umri ukapandishwa hadi 9 na saa zikapunguzwa hadi 7.

Ukichunguza nani aliisukuma sheria hiyo ya 1881 utakuta, pembeni mwa wenye huruma, wenye viwanda wa Lancashire, eneo la Manchester, wale wale wa wanga na udongo mweupe, wakilalamika kwamba Bombay inawashinda kwa kuwatumia watoto ambao wao wamekatazwa kuwatumia. Gazeti lolote la Bombay la wakati huo lingekuambia kwamba hii ni vita ya biashara iliyovaa kanzu ya msikitini. Na lingekuwa sahihi. Pingamizi hili linarudi kila kizazi: kwamba kelele za nchi tajiri juu ya watoto wa wengine ni ukuta wa forodha kwa jina jingine. Nakubali nia ilikuwa chafu nusu. Lakini mtoto wa miaka 8 wa Bombay aliyerudi nyumbani saa 2 mapema hakuwa na haja ya kuuliza nia ya aliyempigia kura. La kuogopa ni pale huruma ya namna hiyo inapokuja bila shule na bila riziki nyuma yake, na kwa hilo kuna kisa cha karibu zaidi nitakachokifikia.

Marekani, wakati huo, viwanda vya pamba vilikuwa vikishuka kusini kufuata kazi rahisi, na sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watoto zaidi ya milioni 1.7 wenye miaka 10 hadi 15 wakiwa kazini. Hapo ndipo mnunuzi alipojaribu kwa mpango kujipa macho. Chama cha kitaifa cha wanunuzi kiliundwa mwaka 1899 na katibu wake mkuu wa kwanza alikuwa Florence Kelley, ambaye hapo nyuma alikuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo la Illinois. Uteuzi huo unasema yote: waliotaka kununua kwa dhamiri walimtafuta mtu aliyekwisha kuingia viwandani. Walibuni lebo nyeupe, iliyoshonwa kwenye nguo za ndani za wanawake zilizotoka viwanda vilivyokaguliwa na kukutwa bila watoto chini ya miaka 16. Ilikuwa kazi ya kiungwana na finyu. Lebo ililinda aina moja ya nguo, na ilitegemea mnunuzi mwenye nafasi ya kuchagua duka. Mke wa mfanyakazi wa kiwandani, ambaye ndiye mnunuzi wa kawaida, alinunua alichoweza. Ilipofika 1918 lebo ilisitishwa.

Mwaka huohuo wa 1918 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa suala hili zima. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1916 ya kuzuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto chini ya miaka 14 zisivuke mipaka ya majimbo. Baba mmoja wa Charlotte, North Carolina, ambaye wanawe wawili walikuwa katika kiwanda cha pamba, alikwenda mahakamani kuipinga, na kwa kura 5 dhidi ya 4 akashinda. Sehemu ya hoja ya majaji walio wengi ilikuwa hii: serikali inaweza kuzuia chakula kilichooza au tiketi za bahati nasibu, kwa kuwa zenyewe zina madhara, lakini kitambaa kilichotengenezwa na mtoto chenyewe hakimdhuru mtu. Majaji walisema kwa lugha ya sheria kile ambacho kidole cha Mnyamwezi kilikwisha kukigundua. Kitambaa hakina hatia. Ilichukua sheria nyingine, ya 1938, na mahakama hiyohiyo kujirekebisha mwaka 1941, ndipo ikakubalika kwamba bidhaa inaweza kukataliwa sokoni kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa.

Wapo watakaosema nimempunguza mnunuzi mno, na watanipa Uzbekistan. Huko serikali yenyewe iliwatoa wanafunzi madarasani kila vuli kuchuma pamba. Kampuni nyingi za nguo zikaahidi kutoigusa pamba hiyo. Na Machi 2022 muungano ulioongoza mgomo huo ulifuta wito wake baada ya uchumaji wa kulazimishwa na serikali kukoma. Sawa, mgomo ulifanya kazi. Lakini ulifanya kazi kwa sababu kulikuwa na wanaharakati wa Uzbekistan waliokwenda mashambani kwa kujihatarisha wakapiga picha, na Shirika la Kazi Duniani likaruhusiwa kupeleka wakaguzi mwaka baada ya mwaka. Bangladesh inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1992 seneta Tom Harkin alipeleka mswada wa kuzuia bidhaa za watoto zisiingie Marekani. Mswada haukupita, hofu yake ilitosha: viwanda vya nguo vilifukuza watoto wanaokadiriwa kufikia 50,000, na waliofuatiliwa baadaye walikutwa wakiponda mawe, wakichuuza barabarani, wengine kwenye ukahaba. Julai 1995 tu ndipo wenye viwanda, Shirika la Kazi na UNICEF walipoafikiana kwamba mtoto anayetolewa kiwandani apelekwe shule na alipwe posho ya taka 300 kwa mwezi. Soko lilikuwa limesema halitaki kitambaa cha mtoto. Halikuwa limesema lolote kuhusu mtoto.

Takwimu za mwaka 2024 zinahesabu watoto karibu milioni 138 katika kazi zisizowafaa, takriban milioni 87 wakiwa Afrika kusini mwa Sahara, na sehemu kubwa yao wako mashambani, wakilima kinacholiwa au kuuzwa kwenye gulio la jirani. Hao hawafikiwi na lebo ya duka lolote la London. Kwao mnunuzi ni sisi, na kidole chetu bado kinapima unga kwa weupe wake na nyanya kwa ugumu wake.

Nirudi kwa jicho. Mwaka 1908 kamati ya kitaifa ya Marekani iliyopinga kazi za watoto ilimwajiri mwalimu mmoja mpiga picha, Lewis Hine, aingie viwandani. Malangoni alijitambulisha kama muuza Biblia, au muuza kadi za posta, kama siku hiyo ilivyoruhusu. Wasimamizi walisema watoto wote wametimiza umri, na hakukuwa na vyeti vya kubishana. Hine hakuweza kutoa futi mbele yao, kwa hiyo alikwisha kupima vifungo vya koti lake mwenyewe, kila kimoja na urefu wake kutoka sakafuni. Mtoto aliposogea kando ya mashine ya kusokota, alimsimamisha karibu naye kana kwamba anapanga picha, akatazama utosi wake umefika kifungo cha ngapi, kisha akatia mkono mfukoni na kuandika bila kuangalia.